Tovuti ya Debian: walipaka nyumba rangi mupya, lakini ufunguo ulibakia chumba cha nyuma

Fikiri hivi. Uko Bukavu, Butembo ao Kalemie. Umepata ordinatere ya okazioni, Windows yake ni ya kuiba na imejaa virusi. Rafiki anakuambia: "Weka Debian. Ni ya bure, na hakuna mutu atakuja kukulipisha kesho." Unanunua mega za usiku kwa sababu bei iko chini, unalala karibu na telefone, asubui faili limekwisha kuingia. Unaliweka ndani ya flashi, unaanza kazi. Katikati, ordinatere inakuambia kwamba kipande chake cha wifi kinakosa kaprogramu kadogo, na bila hako haiwezi kuingia mutandao. Na ili upate kale kaprogramu, lazima kwanza uingie mutandao.

Kuanzia mwaka 2011 mpaka 2023, shida ya namna hii iliwapata watu katika inchi nyingi, si huku kwetu tu. Jambo la kushangaza ni hili: faili lenye lingewaokoa lilikuwa pale pale, kwenye mashini za Debian zenyewe, bila kulipa hata franga moja. Ukurasa wa kwanza wa tovuti ndio haukuwapeleka kwake.

Katika makala hii tunaeleza namna Debian, mumoja wa miradi mikubwa ya programu yenye kuendeshwa na wajitoleaji, ilirekebisha tovuti yake mara mbili, mwaka 2011 na mwaka 2020, na juu ya nini mara zote mbili ile shida ilibakia. Dawa haikutoka kwa wachoraji wa tovuti. Ilitoka kwenye kura.

Debian ni nini?

Ordinatere bila mufumo ni sanduku tu. Mufumo ndio unaamusha kioo, klavie, sauti na wifi, na ndio unaruhusu programu zingine zitembee. Windows ni mufumo mumoja. Debian ni mwingine, na kwa kawaida unatembea juu ya kiini chenye kuitwa Linux.

Debian ilitangazwa tarehe 16 mwezi wa 8, 1993. Mwanzilishi alikuwa Ian Murdock, kijana wa miaka 20 mwenye alikuwa anasoma kwenye chuo kikuu cha Purdue, Marekani. Jina alilitunga kwa kuunganisha jina la muchumba wake wa wakati ule, Debra, na lake mwenyewe. Murdock alifariki mwezi wa 12, 2015, lakini kazi ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa watu wengi tangu zamani. Kila toleo la Debian linapewa jina la mumoja wa wale wanasesere wa filme Toy Story. Katika makala hii utakutana na mawili: Squeeze, toleo la 6, na Bookworm, toleo la 12.

Hata kama haujawahi kusikia jina Debian, pengine umekwisha kuitumia bila kujua. Ubuntu, yenye ilianza mwaka 2004, imejengwa juu yake. Mufumo wa Raspberry Pi, zile ordinatere ndogo zenye zinaenea ndani ya mukono, umejengwa pia juu yake. Na mashini nyingi zenye kubeba tovuti za dunia zinatembea na Debian ao na mutoto wake mumoja.

Debian ni programu huru. Maana yake, kila mutu ana ruhusa ya kuitumia, kusoma namna imeandikwa, kuibadilisha, kuikopi na kumupa mwingine. Mwaka 1997 wanamemba walikubali hati yenye wanaiita Mapatano na Jamii. Ndani wanaahidi kwamba mufumo wao utabakia huru kabisa, kwamba hawataficha matatizo yake, na kwamba watatanguliza watumiaji pamoja na programu huru. Shika vizuri ile ahadi ya mwisho. Inatanguliza vitu viwili, na siku moja vile viwili vilianza kuvutana.

Nani ana haki ya kugusa tovuti?

Katika kampuni, mukubwa wa kazi anaita fundi, anamulipa, anamwambia: nataka tovuti mupya mbele ya Noeli. Debian haina mukubwa wa namna hiyo. Kuko shirika moja lisilo la faida kule Marekani, Software in the Public Interest, lenye linalinda jina la mradi na feza za michango, lakini haliamurishi kazi. Kuko wanamemba karibu elfu moja wenye haki ya kupiga kura, katika inchi nyingi. Kila mwaka wanachagua kiongozi. Lakini katiba yao, ya tangu mwaka 1998, inasema wazi kwamba hakuna mutu analazimishwa kufanya kazi fulani. Kiongozi anaweza kuomba, kushauri, kutuma feza za mukutano. Hawezi kusema: wewe, fanya hii mpaka kesho.

Wengine wanalipwa na makampuni yao na wanapewa saa za kufanyia Debian. Wengi wanafanya jioni, nyuma ya kazi yao ya kila siku. Kikundi cha tovuti ni hivyo hivyo: watu kidogo wenye kuangalia kurasa maelfu.

Kurasa zile zinahifadhiwa katika gala moja ya wazi. Zamani walitumia chombo cha kizamani chenye kuitwa CVS. Mwaka 2018 walihamia kwenye Git, chombo chenye vijana wengi wa programu wanajua. Kila badiliko linaandikwa: nani amebadilisha, siku gani, sentensi gani. Mutu wa inje mwenye ameona kosa anaweza kutuma sahihisho lake, ao anaweza kuandika lalamiko katika daftari ya matatizo, yenye kila mutu anaweza kusoma. Mashini inajenga kurasa mara nyingi kwa siku, kisha inazisambaza.

Kurasa zenyewe ni nyepesi. Hazingojei programu nzito kutembea ndani ya telefone yako mbele ya kukuonyesha maandishi. Kwa mutu mwenye kuhesabu mega, ile ni heshima kubwa. Lakini ni moja pia ya sababu zenye zilifanya tovuti ionekane ya kizamani: wenye kuilinda waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwamba kuipamba kungeiongezea uzito.

Mwaka 2011: rangi mupya

Kwa miaka karibu 13 sura ya tovuti ya Debian ilibakia karibu ile ile. Tarehe 6 mwezi wa 2, 2011, siku yenye toleo la 6, Squeeze, lilitoka, sura ilibadilika. Muchoro ulitoka kwa mujitoleaji mumoja mwenye alileta pendekezo, wengine wakalichukua na kulifanyia kazi. Si ukurasa wa kwanza tu: hata kurasa zingine za mradi, sawa vile ile ya maelezo yenye watu wanaandika pamoja, zilipewa vazi moja. Mutu mwenye aliruka kutoka ukurasa mumoja kwenda mwingine aliona sasa kwamba angali ndani ya nyumba moja.

Miaka 13 ni mingi, lakini uvivu si sababu. Kupaka rangi katika nyumba ya wajitoleaji ni kazi ngumu kwa sababu kila mutu ana neno juu ya rangi. Juu ya kosa la ndani ya programu, watu watano wenye ujuzi ndio wataongea. Juu ya ukurasa wa kwanza, wote wanaongea, na hakuna mwenye haki ya kusema: basi, tumemaliza. Pendekezo linaweza kuzunguka mpaka mwenye kulileta anachoka na kurudia kazi zake. Lile la 2011 lilifika kwa sababu lilikuwa na kazi ya kweli ndani, na siku ya kutoka kwa toleo ilikuwa tarehe yenye wote walikuwa wanaitazama.

Lakini siku ile ile jambo lingine lilifanyika. Vipande vingi vya ordinatere, zaidi sana vya wifi, haviamuki bila kaprogramu kadogo kenye kutengenezwa na kampuni ya kipande. Mafundi wanakaita fimuwea. Kwa mara nyingi kampuni inakatoa bila kuonyesha namna kameandikwa, na hakuna mutu wa inje anaweza kukasahihisha. Kwa hiyo si programu huru. Mbele ya pale, zingine kati ya zile fimuwea zilikuwa zimejificha ndani ya kiini cha Linux. Katika Squeeze, Debian ilizitoa kwenye kiini na kuziweka pembeni, katika sehemu ya vitu vyenye si huru, sehemu yenye haifunguliwe isipokuwa mutumiaji mwenyewe anaomba.

Wale wenye walifanya hivyo hawakuwa na roho mubaya. Walikuwa wanatimiza ahadi yao ya 1997. Lakini angalia namna siku moja ilibeba mambo mawili: nyumba ilipakwa rangi ili wageni wapende kuingia, na ufunguo wa wifi ukapelekwa chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma kilikuwa namna gani?

Wanamemba walijua kwamba watu watapata shida. Ndiyo maana walitengeneza pia faili lingine la kuweka Debian, lenye fimuwea ndani. Lilikuwa juu ya mashini ile ile ya mradi, lakini katika sehemu yenye kuandikwa kwamba si rasmi. Mutu mwenye kujua aliambia rafiki yake: usichukue lile la mbele, pita huku, kisha huku, chukua lile.

Mutu mwenye hakuwa na rafiki wa namna hiyo alichukua lile la mbele. Programu ya kuweka mufumo ilimwambia kwa ukweli jina la faili lenye kukosekana, na kumwomba alete kwa flashi. Kwa fundi, maelezo hayo yalitosha. Kwa mutu wa mara ya kwanza, ilikuwa mwisho wa safari.

Hapa ndipo tovuti inapita kuwa karatasi ya kutangaza. Ukurasa wa kwanza unachagua mutu gani atafika na mutu gani atarudi nyuma. Na mutu mwenye amerudi nyuma haandiki lalamiko. Anarudia Windows yake ya kuiba, na anaambia wenzake kwamba Debian ni ya wenye akili nyingi tu.

Mwaka 2020: mulango mupya

Mwezi wa 3, 2019, kikundi cha tovuti kilikutana Madrid, Uispania, siku tatu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana uso kwa uso kwa kazi ya pamoja ya namna hiyo. Kwa watu wenye kujuana kupitia maandishi tu, siku tatu mezani zinaweza kupita miezi mingi ya kubishana kwa barua.

Kazi ilienda pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa kutoa ao kurekebisha maandishi ya zamani. Upande wa pili ulikuwa ukurasa mupya wa kwanza, wenye kuvuta wageni na wenye kuonyesha kwamba Debian si mufumo tu, ni watu pia. Mwezi wa 12, 2020 ukurasa ule ulitoka: picha, maneno mafupi juu ya jamii, na kifungo cha kupakua chenye kukupa moja kwa moja faili dogo la ordinatere za kawaida za leo.

Upande ule wa kwanza hausifiwe sana, lakini ndio unakula nguvu. Kuongeza ukurasa ni rahisi: mwenye kuandika anafurahi, hakuna anaumia. Kutoa ukurasa ni kuambia mutu kwamba kazi yake ya miaka kumi iliyopita haisaidie tena. Tena lazima uhakikishe kwamba hakuna kurasa zingine zenye kuonyesha njia ya kwenda pale, na kwamba kitu cha maana hakipotei. Ndiyo maana tovuti za wajitoleaji zinanenepa kila mwaka.

Sentensi moja, luga nyingi

Kuko sababu ingine yenye inafanya mabadiliko yaende polepole: luga. Maandishi ya kwanza yanakuwa kwa Kiingereza. Kisha watafsiri, nao ni wajitoleaji, wanayageuza. Kila luga ina folda yake. Ndani ya kila ukurasa wenye kutafsiriwa kunaandikwa alama yenye kusema: tafsiri hii imefuata toleo fulani la Kiingereza. Kiingereza kikibadilika na tafsiri ikibakia nyuma, mashini inajua, na ukurasa wenye kuchelewa sana unabandikwa neno la kuonya musomaji kwamba pengine habari ni za zamani.

Sasa hesabu. Ukibadilisha sentensi moja ya ukurasa wa kwanza, unapatia kazi watafsiri wa luga zote. Ukiibadilisha tena kesho kwa sababu haikukupendeza, unawapatia tena. Mutu wa kulipwa atanungunika tu. Mujitoleaji ataacha. Kwa hiyo kikundi chenye akili kinamaliza kwanza kubishana kwa Kiingereza, kinafunga maneno, ndipo kinaita watafsiri.

Kwa sisi wa Kongo jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Tovuti ya Debian inasoma luga yenye umechagua katika programu yako ya kufungulia mutandao. Ukiwa umeweka Kifaransa, kurasa zenye kutafsiriwa zinakuja kwa Kifaransa bila kuuliza. Kama unaona Kiingereza na haukielewe, angalia chini ya ukurasa: luga zenye ziko zimeandikwa pale.

Rangi ilishindwa nini?

Turudie kile kifungo cha 2020. Kilikuwa kizuri: mutu hakupotea tena katika orodha ndefu ya mafaili. Lakini faili lenye kilitoa lilikuwa lile rasmi, maana yake lile bila fimuwea. Kikundi cha tovuti hakikuwa na haki ya kuweka mbele faili lenye mradi wenyewe unasema si lake rasmi. Kwa hiyo kifungo kilifanya kazi yake vizuri sana: kilipeleka wageni haraka zaidi kwenye faili lenye lingewakwamisha.

Hakuna muchoraji angeweza kurekebisha pale. Kama angeficha lile rasmi, angevunja mapatano. Kama angeweka yote mawili sawasawa, mgeni angechagua namna gani? Kumuuliza mutu wa mara ya kwanza kama anataka fimuwea yenye si huru ni kumuuliza swali lenye wanamemba wenyewe walikuwa wanabishania kwa miaka.

Kura ya 2022

Mwezi wa 4, 2022, Steve McIntyre, mwenye alikuwa kiongozi wa Debian kuanzia 2008 mpaka 2010 na mwenye anajulikana kwa kazi ya kutengeneza yale mafaili ya kuweka mufumo, aliandika wazi kwamba hali ile haiwezi kuendelea. Mabishano yakafunguka, na mwishoni wanamemba wote wakaitwa kupiga kura.

Wenye kutaka fimuwea iingie walikuwa na sababu nzito. Ordinatere nyingi za leo za kubeba hazina hata tundu la kabo ya mutandao, na wifi yao inaomba fimuwea. Walionyesha pia shida ya vipofu: wao wanaweka mufumo kwa kusikiliza sauti, na kama kipande cha sauti kinakosa fimuwea, ordinatere inabakia bubu mbele yao. Tena kuko fimuwea za moyo wa ordinatere zenye kuziba matundu ya usalama. Kumunyima mutu zile si kumulinda.

Wenye kupinga nao hawakuwa vichwa vigumu tu. Walisema: kitu chenye hatuwezi kusoma, hatuwezi kujua kinafanya nini. Tukikiingiza ndani ya faili letu rasmi, leo ni wifi, kesho itakuwa nini? Na makampuni yatasukumwa na nani kufungua kazi yao, kama sisi wenyewe tumenyamaza?

Karatasi ya kura ilikuwa na mapendekezo sita, pamoja na nafasi ya kukataa yote. Mutu hachague moja tu. Anayapanga kwa namba, lenye anapenda zaidi mpaka lenye anapenda kidogo. Ukiyasoma, utaona kwamba mengine yalizungumza karibu tu juu ya tovuti: je, faili lenye fimuwea lipendekezwe mbele? Liwekwe pembeni ya lile lingine? Ao lisihesabiwe hata kidogo kuwa la Debian? Swali la "tuweke nini kwenye ukurasa" lilikuwa limekwisha kuwa swali la "sisi ni nani".

Kura ilifungwa mwanzoni mwa mwezi wa 10, 2022. Pendekezo lenye lilishinda liliomba faili moja tu, lenye fimuwea ndani, na kubadilisha Mapatano na Jamii ili jambo hilo liandikwe wazi. Kwa kugusa ile hati, wingi mudogo hautoshe: lazima wenye kukubali wafike mara tatu ya wenye kukataa. Walifika. Wenye kushindwa nao walipata kitu: fimuwea ziliwekewa sehemu yao wenyewe, zisichanganyike na vitu vingine vyenye si huru; na mutumiaji anaambiwa kwamba zinatumiwa, na anapewa njia ya kuzikataa mbele ya kuanza.

Tarehe 10 mwezi wa 6, 2023, toleo la 12, Bookworm, lilitoka na faili la namna hiyo. Kifungo cha ukurasa wa kwanza hakikubadilika sana kwa macho. Lakini sasa kilikupa faili lenye kuona wifi.

Hapa kwetu, tunashika nini?

Mashirika yetu, koperative zetu, hata redio, tunarekebisha kurasa zetu tukifikiri ni kazi ya rangi. Historia ya Debian inatuomba tuangalie vitu vingine mbele ya kuita muchoraji.

Kwanza, mupe ukurasa mutu mwenye haujui, kwenye telefone ya bei ndogo, na koneksioni ya kawaida. Mwambie: tafuta kitu hiki. Usimusaidie. Pale anasimama, ndipo kazi yako iko. Mbele ya kuongeza kitu, angalia pia kitu gani unaweza kutoa, zaidi sana namba za telefone zenye hazipite tena na matangazo ya mikutano ya miaka iliyopita.

Jambo lingine ndilo gumu zaidi. Kama kitu cha maana kimefichwa kwenye ukurasa wenu, uliza kama ni kosa la muchoro ao ni mabishano yenye hamujamaliza. Shirika lenye halijakubaliana nani anastahili musaada haliwezi kuwa na ukurasa wenye kueleza wazi nani anastahili musaada. Debian ilifaulu kwa sababu ilichukua mabishano yake kutoka chumba cha nyuma, ikayaweka mezani, ikapiga kura, na wenye kushindwa wakaona sehemu yao imelindwa.

Ukitaka kujaribu Debian

Faili dogo lenye kutolewa na kifungo cha ukurasa wa kwanza, kuanzia Bookworm, linapita megabaiti 600. Lakini angalia: lile ni la kuanzia tu. Wakati wa kuweka mufumo, ordinatere itaendelea kuvuta vitu vingine vingi kwenye mutandao. Ukiwa na mega za kuhesabu, utaishia njiani.

Kama koneksioni ni shida, tafuta faili la DVD ya kwanza. Ni kubwa, karibu giga 4, lakini lina vitu vya kutosha kuweka mufumo wenye madirisha bila mutandao. Mutu mumoja anaweza kulivuta pale kuko koneksioni nzuri, kwa mufano kwenye chuo kikuu, kisha kulipitisha kwa wengine kwa flashi. Ile si wizi: ruhusa ya kukopi iko ndani ya programu yenyewe.

Kuko pia mafaili yenye kukuruhusu kuonja Debian kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya ordinatere. Anza na lile. Angalia kama wifi inaamuka, kama sauti inatoka, kama kioo kiko sawa.

Na mbele ya kuweka mufumo kabisa, kopi picha, masomo na hesabu zako zote kwenye flashi ingine. Kazi hii inaweza kufuta kila kitu chenye kilikuwa ndani, na hakuna kura ya wanamemba elfu yenye itakurudishia.